Ndita na Sindano: Mwongozo kwa Anayetaka Kuchoma Botox kwa Mara ya Kwanza

Simama mbele ya kioo karibu na dirisha, mchana, bila vipodozi. Uache uso utulie kwanza, kisha kunja nyusi kama mtu aliyeletewa bili ya maji ya jirani. Mistari iliyojitokeza kati ya nyusi ndiyo ndita, na Botox, dawa ya sindano inayotuliza misuli, hufanya kazi vizuri zaidi kwenye mistari ya namna hiyo, inayokuja uso unapojikunja na kuondoka unapolegea. Sasa cheka, utazame pembeni mwa macho. Inua nyusi, utazame paji la uso. Watu wengi wanaofika kliniki wanahangaikia moja ya sehemu hizo tatu.

Mstari unaobaki hata uso ukiwa umetulia ni habari nyingine. Sindano itaulainisha lakini huenda isiufute, maana ngozi yenyewe imeshashika mkunjo. Na ile mifereji miwili inayoteremka kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo haiponi kwa Botox. Hiyo hutokana na shavu kushuka na mafuta ya usoni kupungua, na wanaoijaza hutumia fila, jeli ya kujaza chini ya ngozi. Nitaifikia baadaye, kwa kuwa hatari zake si zile za Botox.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna jambo letu hapa. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, hutukinga na sehemu kubwa ya madhara ya jua, kwa hiyo vile vikunyanzi vyembamba vinavyowatokea Wazungu wakiwa na miaka thelathini na kitu, kwetu huchelewa. Kinachotangulia kwa wengi wetu ni madoa na rangi isiyolingana, na hayo Botox haiyagusi kabisa. Mtu wa miaka ishirini na tano anayeniuliza achome wapi, kwa kawaida namwambia anunue losheni ya kukinga jua, hela nyingine aweke benki.

Dawa yenyewe inafanya nini

Botox ni jina la biashara. Kilichomo ni sumu ya botulinamu aina ya A, inayotengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, yule yule anayeua watu kupitia chakula cha kopo kilichohifadhiwa vibaya. Kinachotofautisha dawa na sumu hapa ni kipimo na mahali inapowekwa. Ikiingia kwenye msuli, huzuia neva isitoe kemikali ya asetilikolini, ambayo ndiyo huuambia msuli ujikaze. Msuli unapumzika, na ngozi iliyo juu yake inatulia. Uso haufi ganzi: ukiguswa utahisi, ukipigwa utaumia.

Dawa hii haikuanza kwenye urembo. Daktari wa macho Alan Scott wa San Francisco aliitafuta kwa ajili ya watu wenye makengeza, na mwaka 1989 Marekani ikaikubali kwa makengeza na kwa kope zinazobana zenyewe. Huko Vancouver, Kanada, Jean Carruthers alikuwa akiwachoma wagonjwa wa kope hizo. Mmoja wao akaona ndita zake zinapotea na kutaka achomwe hapo pia. Jean na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, wakalifuatilia jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 1992. Idhini ya Marekani kwa ndita za kati ya nyusi ilikuja 2002, ya pembeni mwa macho 2013, ya paji la uso 2017. Ninayataja haya kwa sababu moja: ukisikia mtu anakuchoma sehemu nyingine ya uso, mathalani kidevuni au taya, si lazima awe anakosea, maana madaktari wazoefu hufanya hivyo. Ila yuko nje ya matumizi hayo matatu, na una haki ya kumuuliza ameshafanya mara ngapi.

Kazi ya dawa huisha. Neva hurudisha mawasiliano yake taratibu, na baada ya miezi mitatu hadi minne uso unarudi kama ulivyokuwa. Hiyo ni hasara kwa mfuko na faida kwa aliyechomwa vibaya.

Hatua ya kwanza: hakikisha wewe si miongoni mwa wasiopaswa kuchomwa

Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Mwenye ugonjwa wa neva na misuli kama mayasthenia gravisi au Lambert-Eaton asichomwe urembo huu. Misuli yake tayari haipati ujumbe vizuri, na dozi ndogo yaweza kumletea shida ya kumeza au kupumua. Mwenye jipu, chunusi zilizoiva au ukurutu unaotoa maji mahali pa kuchoma asubiri papone. Aliyewahi kupata mzio wa dawa hii, mlango umefungwa. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe asichomwe Dysport, ambayo ni chapa nyingine ya dawa ya aina hii.

Taja dawa zote unazotumia. Antibiotiki za kundi la jentamaisini huongeza nguvu ya sumu hii. Dawa za kuyeyusha damu huongeza vilio vya damu chini ya ngozi, lakini usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe ili uso usiwe na alama. Aliyekuandikia ndiye wa kuulizwa.

Kuna kundi jingine ambalo vipeperushi vingi hulisahau: watu ambao kope zao za juu tayari zimelegea, hasa wenye umri mkubwa. Wengi wao, bila kujua, huinua nyusi siku nzima kwa msuli wa paji la uso ili waone vizuri. Ukiulaza msuli huo, mistari inaondoka na nyusi zinashuka juu ya macho. Jipime hivi: funga macho, legeza paji la uso kabisa, weka kiganja juu yake kuzuia nyusi zisipande, kisha fungua macho. Ukiona kama pazia limekushukia, mwambie daktari kabla hajashika sindano.

Waislamu huuliza kuhusu asili ya dawa. Botox ina albumini, protini inayotolewa kwenye damu ya binadamu. Mpelekee sheikh wako taarifa hiyo kamili badala ya kumuuliza tu kama sindano ya urembo inafaa.

Hatua ya pili: mtafute mchomaji, usimtafute mwenye bei ndogo

Hapa ndipo mambo mengi huharibika Afrika Mashariki. Sindano hii inachomwa saluni, inachomwa kwenye vyumba vya hoteli na fundi aliyekuja kwa siku mbili kutoka nje, inachomwa sebuleni kwa rafiki huku pilau ikiiva. Sina neno zuri la kusema juu ya hayo.

Unayemhitaji ni daktari aliyesajiliwa, na bora awe bingwa wa ngozi au wa upasuaji rekebishi. Mabingwa wa ngozi si wengi kwetu, lakini wapo. Kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwaandaa wataalamu wa kanda hii tangu miaka ya 1990. Kenya, jina la daktari hutafutwa kwenye rejista ya KMPDC, baraza la madaktari la huko. Tanzania Bara, ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Uganda, ni baraza lao, UMDPC. Ukiwa Dubai, kituo na mtaalamu wote wanapaswa kuwa na leseni ya mamlaka ya afya ya huko, DHA. Uingereza, tangu tarehe 1 Oktoba 2021 ni kosa England kumchoma Botox au fila ya urembo mtu aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo mwenye binti anayeng'ang'ania ana sheria ya kumwonyesha.

Jina likishapatikana kwenye rejista, nenda kwa mazungumzo kwanza, siku tofauti na ya kuchomwa ikiwezekana. Msikilize anauliza nini. Daktari mzuri atakuuliza magonjwa, dawa, mimba, sindano za zamani, na atakuambia ukunje na kulegeza uso mara kadhaa huku akikutazama. Atapiga picha kabla. Wakati mwingine atakuambia huhitaji, na huyo ndiye wa kumrudia. Anayekutajia bei ya "uso mzima" kwa WhatsApp kabla hajakuona, au anayesema punguzo ni la leo tu, anauza bidhaa.

Kuhusu safari ya matibabu nje ya nchi: mapema mwaka 2023 watu kadhaa waliokwenda Uturuki kuchomwa dawa hii tumboni ili wapunguze uzito walirudi Ulaya na botulizimu, yaani sumu iliyosambaa mwilini. Ile ilikuwa tumbo na dozi kubwa, si ndita. Lakini swali la kujiuliza ni lile lile: nikipata shida siku ya tano niko nyumbani, nani atanipokea?

Hatua ya tatu: omba kuona chupa

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, isome hii.

Dawa halisi huja kama unga mkavu ndani ya kichupa kidogo kilichofungwa. Unga wenyewe ni mchache kiasi kwamba kichupa cha Botox huonekana kama kitupu, na hilo si dalili ya wizi. Daktari huuchanganya na maji ya chumvi ya asilimia 0.9 mbele yako au muda mfupi kabla. Ukiletewa bomba la sindano lililokwisha kujazwa, hujui limetoka wapi, uliza. Ukiambiwa "hii ni ile ile", ondoka.

Kabla ya kuchanganywa, kichupa cha Botox hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ni mnyororo baridi ule ule wa chanjo za watoto, na kila anayejua habari za umeme wetu anajua unavyokatika. Dawa iliyosafiri kwenye mkoba kutoka ng'ambo, ikalala kwenye buti la gari Kariakoo, ikaja friji la saluni linalofunguliwa kila dakika kwa ajili ya soda, huenda isikudhuru. Huenda pia isifanye kazi yoyote, nawe umelipa. Uliza friji iko wapi na kama kuna kipimajoto na umeme wa akiba. Ikishachanganywa, maelekezo ya mtengenezaji ni itumike ndani ya saa 24. Wapo madaktari wanaoitunza zaidi ya hapo, na hao nao wakuambie waziwazi ilichanganywa lini.

Halafu kuna hesabu. Dawa hupimwa kwa yuniti, na kichupa cha kawaida kina yuniti 50 au 100. Chukua kichupa cha yuniti 100. Kikiwekwa mililita 2.5 za maji ya chumvi, kila mililita 0.1 ina yuniti 4. Kikiwekwa mililita 5, kiasi hicho hicho kina yuniti 2. Machoni huoni tofauti yoyote. Mwenye tamaa anaongeza maji, anakuchoma sehemu zile zile kwa ujazo ule ule, unapokea nusu ya dawa na baada ya wiki sita unalalamika kwamba "Botox haishiki kwangu". Kwa hiyo usiulize mililita wala idadi ya michomo. Uliza yuniti ngapi kila sehemu, na umwombe aziandike.

Yuniti za chapa tofauti hazilingani. Kwa ndita za kati ya nyusi, dozi ya kwenye lebo ya Botox ni yuniti 20; ya Dysport ni 50. Mtu akijisifu kwamba kwake unapata "yuniti nyingi zaidi kwa bei ile ile", muulize za chapa gani.

Piga picha kichupa: jina, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda. Kama una shaka na dawa, mahali pa kuuliza ni mamlaka ya dawa: Tanzania Bara ni TMDA, Zanzibar ni ZFDA, Kenya ni Bodi ya Dawa na Sumu, Uganda ni NDA. Usidhani bandia ni tatizo la kwetu tu. Mwaka 2024 mamlaka za afya za Marekani zilifuatilia kisa cha watu katika majimbo kadhaa walioumwa baada ya kuchomwa dawa bandia au kuchomwa na wasio na leseni, na baadhi yao walilazwa hospitali.

Hatua ya nne: panga tarehe

Kosa la kawaida kabisa ni kuchoma wiki moja kabla ya send-off. Dawa huanza kuonekana siku ya tatu hivi, na hufikia kilele karibu na siku ya 14. Ukihitaji marekebisho, utayapata hapo, na nayo yanahitaji siku zake. Shughuli ikiwa Jumamosi fulani, hesabu kurudi nyuma angalau wiki tano. Kama ni mara yako ya kwanza kabisa, mimi ningesema jaribu mzunguko mzima miezi kadhaa kabla ya harusi, ili ujue uso wako unapokeaje kabla mpiga picha hajalipwa.

Siku chache kabla, acha vitu visivyo vya lazima vinavyoongeza kuvuja damu: ibuprofeni ya kujinunulia, mafuta ya samaki, pombe. Usifanye fesho wala kung'oa nywele za nyusi kwa nta siku hiyo. Na kama unapaka mkorogo, sema. Ngozi iliyochubuliwa hupata madoa kirahisi panapobaki jeraha, hata dogo, na daktari hawezi kujua kilichomo kwenye kopo lisilo na lebo.

Anayeswali achague saa kwa akili. Ushauri wa kawaida ni kutobonyeza mahali palipochomwa na kutoinamisha kichwa chini kwa saa nne hivi. Ukichomwa saa mbili asubuhi, adhuhuri inakukuta umeshavuka muda huo. Pia usifunge kilemba au ukaya wa kubana juu ya paji la uso, wala usisuke nywele za kuvuta siku hiyo.

Hatua ya tano: kwenye kiti

Kazi yenyewe ni fupi, dakika kumi au pungufu. Uso unasafishwa, unaambiwa ukunje, daktari anaweka alama. Kwa ndita za kati ya nyusi mpango wa kawaida ni michomo mitano ya yuniti 4 kila mmoja. Pembeni mwa macho ni michomo mitatu kila upande, jumla yuniti 12 kwa upande. Paji la uso likichomwa, kwa kawaida huenda pamoja na kati ya nyusi, ili msuli unaoshusha nyusi usibaki peke yake ukiwa na nguvu. Wanaume mara nyingi huhitaji zaidi, kwa kuwa misuli yao ni minene.

Sindano ni nyembamba sana. Inauma kidogo, hasa karibu na pua, na machozi yanaweza kutoka bila wewe kulia. Vivimbe vidogo vinavyobaki huondoka ndani ya saa moja hivi.

Neno la kumwambia mchomaji ukiwa mgeni: "Anza na kidogo." Kilichopungua kinaongezwa wiki mbili baadaye. Kilichozidi hakitolewi, kwa sababu dawa ya kuyeyusha Botox haipo; utasubiri miezi yake iishe huku watu wakikuuliza mbona hushangai.

Hatua ya sita: wiki mbili za kungoja

Siku ya kwanza usisugue, usikande, usiende jimu wala chumba cha mvuke. Kuoga na kupaka losheni kwa upole hakuna shida. Kichwa kikiuma, parasetamoli inatosha. Alama ndogo ya damu iliyovilia chini ya ngozi ikitokea, weka barafu iliyofungwa kitambaani.

Siku ya pili utajitazama kioo na kuona hakuna kilichobadilika. Siku ya nne utaona upande mmoja umetangulia. Usimpigie daktari akuongeze. Siku ya 14 rudi, piga picha kwenye mwanga ule ule wa dirishani, linganisha. Nyusi zikiwa zimepanda pembeni kama za jini wa kwenye katuni, yuniti moja au mbili pale juu huzirudisha.

Linaloogopesha wengi ni kope la juu kulegea. Katika majaribio ya Botox kwa ndita za kati ya nyusi lilitokea kwa takriban watu 3 katika kila 100. Huja ndani ya wiki moja au mbili, dawa ikiwa imefika kwenye msuli unaoinua kope, na huondoka lenyewe baada ya wiki kadhaa. Yapo matone ya macho yanayoliinua kidogo wakati unangoja, na daktari ndiye wa kuyaandika.

Dalili hizi hazingoji siku ya 14: kushindwa kumeza, sauti kubadilika au kukwama, kuona vitu viwili viwili, udhaifu wa mwili mzima, kupumua kwa shida. Zinaweza kuja baada ya saa chache au hata baada ya wiki. Nenda hospitali kubwa yenye chumba cha wagonjwa mahututi, si kliniki ya urembo, na onyesha ile picha ya kichupa. Sema wazi "nilichomwa Botox tarehe fulani". Daktari wa zamu ambaye hajaambiwa anaweza kudhani ni kiharusi.

Ukiambiwa unahitaji fila

Fila haitulizi msuli. Ni jeli, mara nyingi ya asidi ya hayaluroniki, inayosukumwa chini ya ngozi kujaza bonde. Hudumu miezi sita hadi kumi na minane au zaidi, kutegemea aina na mahali. Matokeo yanaonekana siku hiyo hiyo, ndiyo maana inauzika.

Hatari yake kubwa ni kuingia kwenye mshipa wa damu na kuuziba. Ngozi inayolishwa na mshipa huo inaanza kufa, na mshipa ukiwa unaungana na wa jicho, mtu anaweza kupofuka. Ni nadra, lakini hutokea hata kwa mikono mizuri, na eneo la kati ya nyusi na la puani ni miongoni mwa mabaya zaidi. Kwa hiyo ndita za kati ya nyusi usikubali zijazwe fila kirahisi.

Vitabu husema angalia ngozi ikigeuka nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo hufichika. Dalili za kutegemea ni maumivu makali yasiyolingana na mchomo, mabaka kama ya marumaru, ubaridi wa mahali hapo, na kipimo cha kidole: bonyeza, achia, linganisha na upande wa pili damu inarudi kwa kasi gani. Macho yakipata ukungu wakati sindano iko ndani, sema papo hapo.

Kuna kimeng'enya kinachoyeyusha fila ya hayaluroniki, kiitwacho hayaluronidesi. Kabla hujalala kwenye kiti uliza: "Kipo hapa, leo, kwenye friji?" Kama jibu ni kwamba kitaagizwa Nairobi au Dubai, vaa viatu vyako. Muda wa kuokoa ngozi huhesabiwa kwa saa, na wa jicho ni mfupi kuliko huo.

Silikoni ya maji usiguse, iwe ya uso, midomo au makalio. Haiyeyushwi, huhama, na huleta vinundu miaka mingi baadaye. Kalamu zinazosukuma fila bila sindano, zinazouzwa mtandaoni, mamlaka ya dawa ya Marekani ilizitolea onyo mwaka 2021. Mwenye historia ya makovu ya keloidi amweleze daktari hata kama sindano ni nyembamba.

Hesabu ya mwaka, na daftari

Usipange kwa bei ya sindano moja. Athari ya Botox ikiisha kila miezi mitatu au minne, mwaka mmoja una mara tatu hadi nne. Zidisha, ongeza nauli, kisha amua. Hakuna ubaya kuacha katikati. Ukiacha, ndita hurudi kama zilivyokuwa, haziongezeki kwa hasira. Ila usifupishe muda chini ya miezi mitatu, kwa kuwa michomo ya mara kwa mara inaweza kuufanya mwili ujenge kinga dhidi ya dawa, na siku hiyo haitashika kweli.

Huku unangoja, losheni ya kukinga jua kila asubuhi na kofia ya ukingo mpana vinafanya kazi ambayo sindano haifanyi. Krimu za tretinoini husaidia vikunyanzi vyembamba kwa miezi kadhaa ya uvumilivu, lakini huchubua ukianza nazo kwa pupa, na mjamzito asizitumie.

Fungua ukurasa mmoja kwenye simu au daftari. Andika tarehe, jina la daktari, chapa, namba ya toleo, yuniti kila sehemu, siku dawa ilipoanza kuonekana na siku ulipoona ndita ya kwanza imerudi. Ukihama kutoka Dar kwenda Mombasa au Muscat, daktari mpya ataanzia hapo badala ya kubahatisha.